Mafuta ya Graben: Miaka Mia ya Makaratasi, Kisima Bado



Kuna neno tunalitaja kila siku bila kulipima: Graben. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kimelibeba jina hilo hapa mjini tangu mwaka 1989, na wengi wetu tumeliandika kwenye kila karatasi ya mtihani. Ni neno la Kijerumani, maana yake mtaro. Wanajiolojia wanalitumia kwa kipande cha nchi kilichozama kati ya nyufa za ardhi, huku kingo zake zikibaki juu kama kuta. Mtaro wenyewe hauko mbali. Ukitoka Butembo kuelekea mashariki, milima inakatika ghafla, na chini kabisa unaona Ziwa Edouard na kambi ya wavuvi ya Kyavinyonge. Ukienda Beni na kushuka kuelekea Kasindi, unaingia katika bonde la Semliki. Ni mtaro uleule.

Siku hizi, kila vijana wanapokaa pamoja, kuna mmoja atakayesema: "Sisi tuko juu ya petroli." Mwingine ataongeza: "Ndiyo maana wanatuua." Nimeamua kupanga tarehe, moja baada ya nyingine, ili tuone historia hii inasema nini kweli. Hoja yangu ni moja: kwetu makaratasi yalitangulia mwamba. Haki ziliuzwa, zikanyang'anywa, zikagawanywa upya, na mapipa yakahesabiwa, wakati chini ya Ziwa Edouard upande wetu hakuna kampuni iliyotoboa. Na gharama ya makaratasi hayo walilipa wakaaji.

Mtaro unavyopika mafuta

Tuanze na mwamba wenyewe, maana bila huo hatutaelewa kitu.

Mtaro wa Bonde la Ufa ulizama pole pole kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake kulikuwa na maziwa, na mito ilishuka kutoka milimani ikileta mchanga na tope. Viumbe vidogo vya majini, hasa mwani, vilikufa na kuzikwa humo. Tabaka juu ya tabaka, mashapo yakaongezeka. Chini ya Ziwa Albert yanafikia kilomita kama 5 za unene, ingawa ziwa lenyewe halina kina cha mita 60. Kadiri tabaka linavyozikwa, ndivyo joto linavyopanda. Likifika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, mabaki ya mwani yanageuka mafuta. Joto likizidi hapo, yanakuwa gesi.

Lakini kupikwa hakutoshi. Mafuta ni mepesi, yanapanda. Yanahitaji mwamba wa mchanga wa kuyapokea, kifuniko cha udongo mzito cha kuyazuia juu, na mahali pa kunaswa. Kikikosekana kimoja tu, mafuta yanatoroka au hayakuwahi kuwepo. Ndiyo sababu wanaotafuta mafuta wanatumia mamilioni ya dolari na bado mara nyingi wanatoboa shimo kavu.

Na hapa kuna jambo la kwetu moja kwa moja. Mtaro wa Ziwa Edouard hauko sawa pande zote mbili. Ufa mkubwa uko magharibi, chini ya milima ya Lubero. Upande huo ndio uliozama zaidi, na ndiko maji yana kina kirefu na mashapo ni manene. Upande wa Uganda mtaro unapungua kina. Kwa hiyo tabaka za chini kabisa, zile zenye nafasi ya kufikia joto la kupika mafuta, ziko upande wetu. Hiyo ni nafasi tu. Bado siyo ghala.

1925: mwaka wa karatasi mbili

Mwaka 1925 una mambo mawili ambayo watu hawayaweki pamoja.

Upande wa Uganda, mwanajiolojia Mwingereza E. J. Wayland alitoa maandishi juu ya petroli ya Uganda. Alieleza sehemu ambazo mafuta yanatoka yenyewe ardhini kandokando ya Ziwa Albert. Wakaaji wa huko walikuwa wanayaona mafuta hayo toka zamani. Wayland aliyaweka kwenye karatasi.

Upande wetu, mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Wabelgiji waliunda Parc Albert, mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika. Ilianza na eneo la volkano, halafu ikapanuliwa kuelekea kaskazini mpaka ikashika ziwa upande wetu na sehemu kubwa ya bonde la Semliki. Wakaaji wa bonde walihamishwa, na sababu waliyopewa ilikuwa ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Mwaka 1969 mbuga ilipewa jina Virunga, na mwaka 1979 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ukisikia mzee wa kijiji anasema mbuga ilikula shamba la babu yake, usimcheke. Karatasi ya kwanza iliyokuja juu ya ardhi hii ilimwondoa yeye. Karatasi ya petroli ilipokuja, ilimkuta tayari hana sauti juu ya bonde lile.

Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Katika mashapo ya zamani aliokota mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mpangilio, wa miaka kama 20,000, ambao leo unajulikana dunia nzima katika historia ya hesabu. Mfupa huo uko Brussels. Kwa hiyo tabaka za mtaro wetu zilishatoa mali moja. Iliondoka, na watoto wa Beni wanaiona kwenye picha.

Kisima kilitobolewa ng'ambo

Uganda walianza mapema. Mwaka 1938 walitoboa kisima cha Waki karibu na Butiaba, mita 1,237. Walikuta dalili, hawakukuta mafuta ya kuuza. Vita ya Pili ya Dunia ikaja, kisha miaka ya vurugu, kazi ikalala.

Baada ya mwaka 2000 kampuni ndogo zilirudi. Heritage ilitoboa visima vya Turaco katika bonde la Semliki upande wa Uganda kati ya 2002 na 2004. Sikilizeni vizuri, maana hilo ndilo bonde letu sisi watu wa Beni: kule walikuta gesi, lakini iliyojaa kaboni dioksidi, haiuziki. Kisha mwaka 2006, kaskazini zaidi kandokando ya Ziwa Albert, kisima cha Mputa kikatoa mafuta. Waraga na Kingfisher vikafuata. Baadaye Uganda ilihesabu mapipa kama bilioni 6.5 ardhini, na kati ya hayo ni sehemu ndogo tu inayoweza kutolewa. Zile nyingine zinabaki chini. Watu wengi wanataja ile namba ya kwanza tu.

Kwa upande wa Ziwa Edouard, mwaka 2010 kampuni ya Dominion ilitoboa kisima cha Ngaji, Uganda, karibu na ziwa. Kikawa kikavu.

Sasa mtu anaweza kusema: basi, hakuna kitu. Hapana, siyo hivyo. Kisima kimoja upande wenye mashapo machache hakisemi kila kitu juu ya upande wenye mashapo mengi. Lakini pia hakitupi ruhusa ya kusema tumelalia utajiri. Kinasema jambo moja tu: jibu halijapatikana. Ni vigumu kuishi na jibu la namna hiyo, na wakubwa wanalichukia zaidi, kwa sababu haliuziki.

Namna karatasi zilivyotembea Kinshasa

Habari za Uganda zilipofika, Kinshasa iligawa upande wetu wa mtaro katika bloku tano: I na II Ziwa Albert, III na IV katikati, V Ziwa Edouard.

Mwaka 2006 Tullow na Heritage walitia sahihi ya bloku I na II. Mwaka 2008 bloku I ikapewa kundi lingine lenye PetroSA ya Afrika Kusini. Mwezi wa Juni 2010 prezidenti akatia sahihi kuzipa zote mbili Caprikat na Foxwhelp, kampuni zilizosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Wenyewe watatu kwa miaka minne! Na mwamba haukusogea hata kidogo.

Hata mpaka wa majini ulikuwa haueleweki. Mwezi wa Agosti 2007 mfanyakazi Mwingereza wa kazi ya petroli aliuawa katika Ziwa Albert, wakati wa mapambano kati ya askari wa Kongo na watu wa upande wa Uganda. Mwezi uliofuata Kabila na Museveni walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakasaini makubaliano ya kutuliza mambo.

Halafu mwaka 2014 kampuni yenye bloku I na II ikatangaza mapipa bilioni 3. Ilipata wapi namba hiyo? Kwa sismiki, yaani kupiga mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi wake. Sismiki ni kazi ya maana sana. Inaonyesha umbo la tabaka, inaonyesha mahali mafuta *yangeweza* kunaswa. Ni kama kuangalia chungu kikiwa kimefunikwa: unaona ukubwa wa chungu, huoni kama ndani kuna ugali au maji. Gazeti likiandika "mapipa bilioni 3", msomaji anadhani mtu ameyaona.

Ziwa Edouard, 2010 hadi 2015

Bloku V ilipewa SOCO ya Uingereza na wenzake, na prezidenti akaidhinisha mkataba Juni 2010. Sehemu kubwa ya bloku hiyo iko ndani ya Virunga, ambayo kwa sheria yetu na kwa mkataba wa Urithi wa Dunia haikuruhusiwa kuchimbwa. Mwezi wa Machi 2011 waziri wa mazingira José Endundo alisimamisha kazi. Ilisimama kidogo, ikarudi. Wakati huo Total, iliyokuwa na bloku III, ilitangaza mwaka 2013 kwamba haitaingia ndani ya mipaka ya mbuga.

Mwaka 2014 ndipo moto ulipowaka. Tarehe 15 Aprili mkuu wa mbuga, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani kati ya Goma na Rumangabo. Alipona. Mpaka leo hakuna aliyethibitishwa mahakamani kuwa ndiye, kwa hiyo sitamtaja mtu. Wiki chache baadaye SOCO ilianza sismiki juu ya ziwa. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waligawanyika: kuna walioahidiwa kazi na barabara, na kuna waliouliza swali rahisi sana, *samaki itakuwa namna gani?* Tarehe 11 Juni SOCO ilikubaliana na WWF kusimama baada ya sismiki. Mwaka uliofuata ikasema haina tena sehemu katika bloku hiyo. Iliondoka bila kutoboa.

Fikirieni hesabu ya jambo hilo. Miaka mitano ya mvutano, vitisho kwa wavuvi na walinzi, ndugu kutoelewana na ndugu, na mwisho wake tunajua umbo la chungu tu.

Je, vita ya Beni ni ya petroli?

Najua hapa ndipo wengi mnangojea. Nitajibu kama mtu wa historia, kwa tarehe.

ADF ilianza katikati ya miaka ya 1990 ikitokea Uganda, ikajificha Rwenzori upande wetu. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kabla Mputa haijatoa mafuta. Mauaji makubwa ya raia kuzunguka Beni yalianza Oktoba 2014, miezi michache baada ya sismiki ya ziwani. Jeshi la Uganda liliingia Novemba 2021, miezi michache kabla ya uamuzi wa mwisho wa bomba lao. Mtu akiziweka tarehe hizi za mwisho pekee, anaona njama kamili. Akiweka na ile ya kwanza, picha inaanza kupasuka.

Sisemi kwamba mali ya ardhi haina mkono katika vita za Kongo. Dhahabu, mbao na kakao vinalisha watu wenye bunduki, kila mtu wa Oicha anajua. Ninachosema ni kwamba mambo mawili kufuatana siyo ushahidi kuwa moja limezaa lingine. Na uvumi huu una gharama: tukisema "ni petroli", tunaacha kuuliza nani alikuwa kiongozi wa askari siku ile, nani alipewa taarifa na hakutembea, nani ananunua kakao ya mashamba yaliyokimbiwa. Maswali hayo yana majina na yanaweza kufika mahakamani. Petroli ambayo haijaonekana haiwezi kushitakiwa.

Hesabu ya jirani

Tuseme kesho kisima kinatobolewa na mafuta yanapatikana. Tuangalie jirani. Uganda iligundua 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitoka Februari 2022. Mwaka 2025 bado walikuwa wanajenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga, ambalo lazima lipashwe moto njia yote, kwa sababu mafuta ya mtaro huu yana nta nyingi na yanaganda kwenye joto la kawaida. Hiyo ni nchi yenye amani kiasi, barabara za lami, na akiba iliyothibitishwa.

Sisi je? Kutoka Beni mpaka bahari yetu ya Banana ni karibu kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka, msitu mtupu. Kwa hiyo mafuta ya Ziwa Edouard yangetokea Uganda au yasingetoka. Kijana anayemaliza masomo leo akingojea kazi hiyo, ataipata watoto wake wakiwa wakubwa. Na Muanda, kule pwani, petroli imetoka tangu miaka ya 1970. Muulizeni mtu yeyote aliyefika Muanda kama barabara inalingana na hiyo petroli.

Wakati huohuo ziwa linalisha watu leo. Samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanafika soko la Butembo kila wiki ambayo njia iko wazi. Maji yake yanatoka Ishango kwa Semliki, yanaingia Ziwa Albert, yanakuwa Naili. Mafuta yakimwagika juu, hayatakaa kwetu pekee.

Karatasi zitarudi

Msidhani habari imekwisha. Mwaka 2015 sheria ya idrokarbure ilikataza kazi hiyo katika maeneo yaliyolindwa, lakini ikaacha mlango: leta inaweza kuondoa ulinzi kwa faida ya umma. Mwaka 2018 serikali ilizungumzia kuondoa ulinzi kwenye sehemu za Virunga. Tarehe 28 Julai 2022 Prezidenti Tshisekedi alifungua mnada wa bloku 30, 27 za petroli na 3 za gesi ya Ziwa Kivu, na baadhi ya zile za petroli ziligusa Virunga. Mwezi wa Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi Molendo akaufuta mnada wa petroli, kwa waombaji wachache na kasoro za utaratibu. Umefutwa, haujazikwa.

Kwa hiyo nawaachia kazi, ninyi mliosoma sheria, jiolojia, uchumi na mazingira. Toka Mei 2011 kuna amri ya serikali inayotaka kila mkataba wa mali asili utangazwe ndani ya siku 60. Karatasi ijayo itakapokuja, mwanasheria aulize mkataba umetangazwa wapi. Mwanajiolojia aulize: namba hii ni ya kisima au ya sismiki, ni mapipa yaliyomo au yanayotolewa? Mtu wa uchumi aulize bomba litapita wapi na nani atalipa joto lake. Mtu wa mazingira apime samaki *sasa*, kabla ya mashine kufika, maana baadaye hakuna atakayejua palikuwaje.

Wahenga walisema, usikate kanzu mtoto hajazaliwa. Kwetu kanzu zilishakatwa nyingi, na zimevaliwa na watu wa mbali. Ndugu akikwambia tena kwamba tuko juu ya petroli, usimtukane, wala usimwitikie. Mwulize tu: kisima kiko wapi?